Jiko la induksheni lenye oveni mbili: miezi kumi na minne jikoni kwetu

Jiko hili nililinunua kutoka kwa familia iliyokuwa inahama Dar es Salaam. Ni lile kubwa la kusimama, upana sentimita 90, juu kioo cheusi chenye sehemu tano za kupikia, chini oveni mbili na droo. Nyumbani tuko sita: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe, ambaye ana betri ya moyo, kile kifaa kinachowekwa kifuani kusaidia mapigo. Napika kila siku, na Ramadhani napika visheti na kalimati za kuuza, kwa hiyo jiko halijawahi kukaa kama pambo.

Watu wakilikuta wananiuliza kama linakula umeme. Nitajibu huko chini. Mimi ningependa waniulize kwanza usalama, kwa sababu sisi tumelelewa kuchunga moto kwa macho, na jiko hili halina moto wa kuonekana. Kila kosa nililofanya nalo limetokana na hapo.

Lakini kabla ya jiko kuingia ndani, shughulikia umeme. Kibandiko cha nyuma ya jiko letu kimeandikwa kilowati 10.8. Gawa kwa volti 230 za nyumbani, unapata karibu ampea 47 ukiwasha kila kitu kwa pamoja. Soketi ya pini tatu tuliyonayo ukutani mwisho wake ni ampea 13. Fundi wa kwanza niliyemwita alifunga plagi, akachomeka kwenye soketi ya jikoni, akasema halina shida mradi nisiwashe vyote. Siku ya tatu nikawa nachemsha maharage, oveni ndogo ina mkate, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilipozima umeme na kuchomoa, mguu mmoja wa plagi ulikuwa umezama kwenye plastiki iliyolainika, na soketi imepata doa la kahawia. Watoto walikuwa wamelala chumba cha pili. Bado nikikumbuka mwili unasisimka.

Fundi wa pili nilimtaka aje na leseni yake ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, nikaisoma kabla hajafungua begi. Alivuta waya mpya wa milimita 10 za mraba kutoka kwenye boksi la breka mpaka kwenye jiko, bila kupitia soketi yoyote, akaliwekea breka yake peke yake ya ampea 40, kwa kuwa kwa kawaida vyote haviwaki kwa pamoja, akapima ethi (waya wa ardhini), kisha akafunga swichi kubwa ukutani, pembeni ya jiko. Nilitaka iwe nyuma ya jiko isionekane. Alikataa. Alisema mafuta yakishika moto, hutaki kupitisha mkono juu ya moto kutafuta swichi. Nilimlipa zaidi ya nilivyopanga na sijutii hata shilingi.

Halafu sufuria. Chini ya kioo kuna koili za shaba; umeme ukipita humo unageuka-geuka zaidi ya mara elfu 20 kwa sekunde na kuzaa nguvu ya sumaku, nayo inachochea mikondo ya umeme ndani ya kitako cha sufuria. Sufuria ndiyo inayopata moto, kioo kinapashwa nayo. Ndiyo maana lazima kitako kishike sumaku. Nilibandua sumaku mlangoni mwa friji nikapita kabati zima. Masufuria yangu ya alumini yote yalifeli, na chungu changu cha samaki wa kupaka nacho vilevile. Vilivyofaulu ni chuma cha chapati, birika la enameli na presha kuka ya stenlesi. Kwa hiyo hesabu ya kununua jiko iwe na hesabu ya sufuria ndani yake. Mimi nilianza na tatu tu nzito zenye kitako bapa, nikaongeza polepole. Chungu nimekibakizia seredani ya mkaa uani, kwa sababu samaki wa kupaka wa kwenye stenlesi si yule.

Ugali ulinipa taabu kuliko chochote. Kioo ni laini, ukisonga sufuria inazunguka na mwiko. Mama mkwe siku ya kwanza kutazama aliniambia, "Mwanangu, hiyo sufuria inacheza, utaimwaga." Nilichofanya ni kutafuta sufuria nzito yenye masikio mawili, sikio moja nalishika kwa kitambaa kikavu, mkono mwingine unasonga. Ukikaza mno, zima, hamishia sufuria juu ya ubao, malizia hapo, irudishe ipate moto wa mwisho. Na ile tabia ya kugonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria ili unga udondoke, tumeiacha. Kishindo cha kila pigo kinapokelewa na kioo. Kioo hiki ni kigumu, kinastahimili moto, lakini kitu kizito kikidondoka kwa kona kinakipasua. Ndiyo sababu kabati lililokuwa juu ya jiko nimelitoa makopo na chupa, nikaweka vitambaa.

Kioo kikipata ufa, hata mwembamba kama unywele, usipike tena. Zima kwenye swichi ya ukutani, kwa sababu uji ukifurika unaingia kwenye ufa na kukutana na umeme chini. Nilipokuwa nanunua nilikipitia kioo chote kwa tochi ya simu, nimeilaza pembeni. Ufa huonekana kwa mwanga wa ubavuni.

Sasa mafuta. Namba zetu zinaanzia 1 hadi 9, kisha kuna P, ambayo ni nguvu ya ziada. P inachemsha maji ajabu. Lakini wiki ya kwanza niliweka kikaango chembamba na vijiko vichache vya mafuta, nikabonyeza P, nikageuka kukata kitunguu. Kilikuwa kimoja. Sijakimaliza, moshi wa buluu ukawa umejaa juu ya kikaango. Kwenye mkaa ningekuwa na dakika kadhaa. Hapa sikuwa hata na moja, na hakuna mlio wala mwali wa kunishtua. Tangu hapo mafuta kwangu hayajawahi kuona P. Naanza na 5, kwa maandazi na kalimati nafika 6, karai lenye kitako kinene, na mfuniko wake upo mkono wa kushoto muda wote. Yakishika moto: zima, funika, acha. Usimwagie maji, wala usilibebe karai kukimbia nalo nje.

Umeme unapokatika kuna hatari ambayo sikuisoma popote, niliiona kwa macho. Ukimaliza kupika, herufi H inawaka kwenye sehemu ambayo kioo bado ni cha moto, kwa sababu sufuria imekirudishia joto lake. Watoto wangu wanaijua H, hata yule wa miaka minne. Jioni moja umeme ukakatika nikiwa nimetoka tu kuinua presha kuka, na H ikazimika pamoja na taa. Kioo kimebaki cheusi, kimetulia, kina joto la kuunguza kiganja. Mtoto alikuwa anakuja na mkono mbele akitafuta njia gizani. Nilimdaka. Sheria ya nyumba ikawa hii: umeme ukikatika, sufuria inabaki palepale ilipo. Ikiwa pale hakuna atakayeweka mkono. Nazima pia swichi ya ukutani, kwa sababu mbili. Umeme ukirudi mara nyingine huja na kishindo kisichopendeza kwa saketi za ndani. Na pia oveni zetu ni za swichi za kuzungusha, umeme ukirudi zinaendelea pale zilipoachia, hata kama mmeshatoka nyumbani. Sehemu za juu hubaki zimezima mpaka uziwashe.

Kila jiko likizimwa, feni ya ndani huendelea kuunguruma dakika kadhaa. Iache. Inapooza koili. Wageni hudhani kuna kitu kimeharibika, kama wanavyodhani wakisikia sufuria ya stenlesi inavuma kwenye namba za juu. Hiyo ni tabia yake.

Usafi ni mwepesi, ukiondoa sukari. Kitambaa laini, tone la sabuni ya vyombo, kausha. Maji yetu ni ya kisima na yana chumvi, yakikauka yanaacha duara jeupe. Siki kidogo kwenye kitambaa, subiri dakika mbili, linatoka. Waya wa kusugulia usiuguse humu, wala majivu au mchanga. Hata masufuria tunayosugua nje kwa mchanga, kitako kifutwe kabla hakijakaa kwenye kioo. Punje moja ya mchanga chini ya sufuria ya kilo tatu inachora mstari usiofutika. Chuma cha chapati kinyanyue, usikiburute.

Sukari ni habari nyingine. Ramadhani iliyopita nilikuwa napika shira, ikafura ikapanda ikashuka ubavuni mwa sufuria. Uchafu wote mwingine unasubiri kioo kipoe. Shira haisubiri: ikipoa inagandamana na kioo, na wakati wa kubanduka inaondoka na kipande chake. Nilizima, nikavaa glavu ya oveni, nikasogeza sufuria, nikachukua kikwangulio cha wembe na kukilaza karibu bapa, nikasukuma shira kutoka kwenye joto kuelekea ukingoni. Ilikuwa inatoka kama utepe wa rangi ya asali. Tone moja nililipitiwa, lilikuwa limejificha kwenye kivuli cha sufuria ya pili. Asubuhi nililibandua kwa kucha likatoka safi kabisa, na chini yake pamebaki kishimo kama punje ya mchele. Napitisha kidole juu yake kila ninapofuta.

Mengine nayataja haraka. Usiache kijiko, mfuniko mdogo au karatasi ya foili juu ya sehemu iliyowashwa. Droo ya chini si ya kuhifadhi dawa ya mende ya kupuliza wala kopo lolote la gesi. Funga vitufe kwa alama ya ufunguo kabla ya kufuta kioo, maana kitambaa kibichi kinaweza kubonyeza kama kidole. Na acha nafasi nyuma ya jiko hewa ipite. Letu liliwahi kugoma likionyesha alama ya joto kupita kiasi. Fundi alipofungua tulikuta mjusi kafiri amekaukia kwenye feni. Sasa kila baada ya miezi mitatu tunazima breka, tunalivuta, tunafagia nyuma.

Kuhusu mama. Sumaku ya jiko na betri ya moyo si vitu vya kukaribiana. Kabla hatujaliwasha tulimuuliza daktari wake. Alisema anaweza kuishi nalo nyumba moja, hata kupita jikoni, ila asiliinamie likiwa linafanya kazi, na kifua chake kiwe mbali nalo sentimita 60 au zaidi. Nilibandika utepe mwekundu sakafuni kwa kipimo hicho. Nilihofia ataona amefukuzwa jikoni, yeye aliyenifundisha kupika wali wa nazi. Tukamwekea kiti na meza nyuma ya utepe. Kuchambua, kukuna, kuonja ni kwake. "Leta nionje, hiyo tui imechelewa," ndivyo anavyoniongoza. Mwenye betri ya moyo nyumbani asiishie kwenye maelezo yangu, akamuulize daktari aliyemwekea, kwa sababu vifaa vinatofautiana.

Haya, umeme. Kwa mwezi wa kawaida jiko linakula kama uniti 100, oveni nikiitumia mara mbili kwa wiki. Kwa daraja letu elfu kumi ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, inatoa uniti 28, kwa hiyo ni kama elfu thelathini na sita. Mtungi wa gesi wa kilo 15 ulikuwa unatutosha wiki tano hivi, na ulikuwa unatutoa zaidi ya hapo. Lita mbili za maji zinachemka kwa dakika sita na ushee kwenye wati 2,000, sehemu moja ya tano ya uniti. Lakini kama uko D1, daraja la wanaotumia umeme kidogo, lile la uniti 75 za bei nafuu kwa mwezi, fahamu kwamba jiko kama hili litakuvusha na bei hiyo nafuu utaikosa. Kwa nyumba ya namna hiyo ningeshauri jiko dogo la sehemu moja, lile la kuchomeka, pamoja na presha kuka. Maharage yatakwisha kwa uniti chache mno.

Mtungi mmoja wa gesi nimebaki nao, nje, kwa siku umeme unapokatika muda mrefu. Lawama yangu kwa jiko lenyewe ni vitufe vya kugusa: vidole vyenye unga au mafuta haviviamshi, na hapo ndipo unapotaka kupunguza moto upesi. Ningechagua upya ningetafuta lenye swichi za kuzungusha mpaka juu. Mpira wa mlango wa oveni kubwa nao umeanza kukakamaa, mvuke unapenya pembeni. Nimeshaagiza mwingine.