Kipimo cha R.E.N.A.L.: kizuri kwa uvimbe, kipofu kwa mafuta

Kwa upasuaji wa matundu madogo wa kutoa uvimbe wa figo, kipimo cha R.E.N.A.L. cha mwaka 2009, kinachotoa alama za ugumu wa kuutoa uvimbe, hakina usumbufu: picha ya CT na rula, basi. Alama 4 hadi 6, kazi nyepesi. Zikifika 10 hadi 12, jiandae kwa damu na mkojo kuvuja. Ila hakioni mafuta yaliyogandamana na figo, na hayo ndiyo yanayomchosha mpasuaji. Ongezea MAP (Mayo Adhesive Probability, alama 0 hadi 5 za uwezekano wa mafuta kugandamana): pima mafuta ya nyuma, usawa wa vena ya figo, sentimita 2 au zaidi ni alama 2, michirizi mikali ndani ya mafuta kwenye picha ni alama 3.

Kwa uvimbe wa tezi ya adrenali, iliyo juu ya figo, vipimo vyote viwili havisaidii. Huko pima metanefrini (mabaki ya homoni za adrenalini) kwanza. Feokromositoma (uvimbe wa adrenali unaomwaga homoni hizo) isiyotayarishwa kwa dawa ikiguswa, presha hupaa.