FBIS ya Sauzi: mfumo wa data za viumbe wa maji baridi ambao nautamani uje kwetu

Kama kazi yako ni mito au samaki wa maji baridi na hujawahi kuingia FBIS, ingia leo. Ni mfumo wa taifa wa Afrika Kusini, upo mtandaoni, unasimamiwa na Freshwater Research Centre pale Cape Town na waliouandikia programu ni Kartoza. Ndani kuna rekodi za samaki, wadudu wa maji, mwani na kadhalika, zote kwenye ramani moja.

Mi nilianza na samaki anaitwa Labeo seeberi, sababu ni ukoo mmoja na ningu wetu wa Ziwa Viktoria na yeye pia hupanda mito kutaga. Anapatikana mfumo wa mto Olifants-Doring tu, duniani kote hayupo kwingine. Unabonyeza jina lake unaona alipookotwa, mwaka gani, yuko hatarini kiasi gani, halafu kila rekodi inakuambia imetoka kwa nani, ni ripoti ya nani au makumbusho gani. Hapo ndo waliponishika kabisa, maana data isiyo na mwenyewe huwezi kuisimamia mbele ya mtu yeyote.

Ila kwangu utamu wenyewe ni SASS. Kwa wasioijua, ni South African Scoring System, kipimo cha afya ya mto kwa kuangalia wadudu wake: unaingia mtoni na buti na wavu, unavuruga mawe, unamwaga kwenye trei nyeupe, unahesabu familia za wadudu pale pale ukingoni, kila familia ina alama zake 1 mpaka 15, minyoo wanaovumilia uchafu wana 1, wadudu wa familia ya Heptageniidae wanaotaka maji safi wana 13, unajumlisha unagawanya kwa idadi ya familia unapata hali ya mto. FBIS inashika kila kituo kwa utambulisho wake, kwa hiyo ukirudi pale pale mwaka mwingine alama zinakaa kwenye grafu moja na unaona mto unapona au unakufa. GBIF, hazina ya kimataifa ya data za viumbe, naipenda na naitumia, ni bure na ina data za dunia nzima, lakini yenyewe inakuambia zaidi kiumbe alionekana wapi, habari ya afya ya kituo utaitafuta mwenyewe.

Na sisi Tanzania kipimo hicho tunacho jamani! TARISS ilitengenezwa kwa mito yetu kutokana na SASS, na mtafiti Helen Dallas anayeongoza FBIS ni mmoja wa walioiandika. Kinachokosekana ni pa kuweka matokeo. Kuna ofisi moja niliomba data za mto mmoja nikazungushwa wiki tatu, mwisho naambiwa zilikuwa kwenye laptopu ya mtu aliyehama. Iliniuma sana, mto ule watu wanakunywa.

Kasoro niliyoiona, ni Kiingereza kitupu, na ramani inataka bando la maana, kwa simu ndogo usijisumbue.

Nyota nne na nusu. Programu yenyewe msimbo wake uko wazi, na Rwanda tayari wanao mfumo wao, RBIS, uliojengwa juu ya msingi huo huo. Karatasi zangu za TARISS zipo kabatini zimefungwa kwa mpira, mtu akisimamisha mfumo wa kwetu naanza kuingiza siku hiyo hiyo.