Mto Wami ulitupa raha, nahodha akatutia doa: uzoefu wangu wa boti Saadani

Wiki kadhaa zimepita na bado nikikumbuka damu inachemka. Bei, ratiba na ukubwa wa boti mtavikuta wenyewe mkitafuta. Mimi naandika yaliyotupata botini kwenye Mto Wami, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani.

Miaka sita ya ndoa, mimi na mume wangu hatujawahi kusafiri wawili tu bila kuwa tunakwenda msibani au harusini. Safari hii tuliidundulizia. Masika yalipokwisha tukatoka Dar alfajiri, tukapita Bagamoyo na Makurunge, tukaingia Saadani kwa geti la Wami. Mpango ulikuwa tulale mbugani siku mbili, tupande boti mtoni, kisha tufuate pwani hadi Pangani. Mume wangu anafundisha historia, na siku nyingi alitaka kufika mji aliponyongewa Abushiri bin Salim, aliyeongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, mwaka 1889.

Barabara haikutusumbua sana. Askari wa getini alikuwa muungwana, akatuonya mapema kuhusu vipande vyenye udongo mweusi, na kweli tulivikuta. Hilo nalipa heshima yake.

Sasa boti. Tuliambiwa tuwe mtoni saa 2 kamili asubuhi. Saa 2 kasorobo tulishafika. Boti imekuja saa 4 na nusu. Simu tulipiga mara ngapi sijui, haipokelewi. Nahodha alipofika hakusema samahani, hakusema poleni kwa kusubiri. Alisema, "Haya, pandeni twende." Jaketi okozi niliziulizia mimi mwenyewe, ndipo zikatolewa chini ya dumu la petroli zikiwa zimelowa na zinanuka. Nikavaa. Nilimeza hasira kwa sababu sikutaka kuharibu siku.

Na lazima niseme ukweli, saa ya kwanza nilisahau kila kitu. Ule mto ni mzuri jamani! Umetoka huko milima ya Kaguru, ukifika hapa umeshatulia, mpana, wa kahawia kama chai ya maziwa, na mikoko imeinama pande zote mbili. Kwenye kona ya pili tukawakuta viboko. Mwanzoni unaona masikio tu yanatikisika juu ya maji, halafu macho, halafu mmoja anainuka na kupumua kwa kishindo mpaka unakisikia kifuani. Mume wangu alinishika mkono akaukaza, hakuuachia mpaka tulipowapita. Juu ya vichwa vyetu kulikuwa na viota vya ndege vinaning'inia kwenye ncha za matawi, vingine shubiri moja tu kutoka kwenye maji. Tukaona furukombe, tukaona mbega wakiruka. Ng'ambo, kwenye tope, nahodha akatuonyesha mamba amelala kinywa wazi. Kule mto unakoingia baharini kuna mstari kabisa, huku maji ya kahawia, huku ya kijani. Boti ikaanza kupigwa na mawimbi, mimi napiga kelele, mume wangu anacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu tuchumbiane. Hapo ningeambiwa nitoe nyota tano ningezitoa zote.

Tulipogeuza kurudi ndipo balaa lilipoanza. Maji yalikuwa yanakupwa. Bahari ikishuka, mlangoni mwa mto kama ule kina kinakwisha unakiona kwa macho. Mtu wa pwani hafundishwi hilo. Kama tungeondoka saa 2 tulizopatana, tungekwenda na kurudi maji yangali tele. Tulichelewa saa mbili na nusu, tukapanda juu ya fungu la mchanga, boti ikakwaruza, ikasimama. Mashine ikanguruma ikitimua tope, kisha akaizima.

Kukwama si kosa kubwa. Mchanga wa mto unahama, nahodha hodari naye hukwama. Ningelisamehe hilo siku hiyo hiyo. Lakini yule nahodha kijana akamgeukia mume wangu: "Kaka, shuka tusukume."

"Hapa?"

"Hapa hapa. Maji ya magoti tu."

Dakika kumi nyuma ametuonyesha mamba! Kwa kidole chake mwenyewe! Nikamwambia mume wangu asishuke. Nahodha akaniangalia, akasema, "Dada, mbona wazungu wanashuka na hawalalamiki? Nyie Wabongo mkilipa hela kidogo mnataka makubwa. Halafu mmechelewa wenyewe."

Naomba msome tena hayo maneno. Tulilipa bei aliyoitaja yeye, yote, kabla ya kuweka mguu botini. Tulikaa ukingoni tangu saa 2 kasorobo tukihesabu mitumbwi inayopita. Na hata kama tungelipa nusu, mguu wa Mtanzania una bei ndogo mdomoni mwa mamba? Nilifura mpaka sauti ikapotea. Mume wangu, ambaye hapendi ugomvi, akavua viatu akashuka. Nilisimama pale na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, mkononi nikitazama kila gogo linaloelea, nasoma kila dua ninayoijua, naye anasukuma, maji ya magoti yamekuwa ya mapaja.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja mvuvi aliyekuwa anapita na mtumbwi wake. Tukamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika, "Marahaba wanangu, huyo anafanya nini majini? Mpandishe!" Akamwambia mume wangu apande, akatuhamisha sote tukae upande mmoja wa boti, akachomeka pondo lake chini ya ubavu ulioinuka, akatikisa taratibu, mara mbili, mara tatu, boti ikateleza. Dakika tano hazikufika, na hakuna aliyelowa zaidi. Kisha akamgeukia nahodha: "Maji ya leo ni ya kuondoka mapema. Hukulijua hilo?" Kijana akaangalia simu yake. Tulimpa mzee hela, akakataa. Tulimsihi sana ndipo akapokea maji ya kunywa.

Kuanzia hapo mpaka tunashuka hakuna aliyesema neno. Kesho yake tuliendesha hadi Bweni, tukavuka na kivuko kuingia Pangani. Mji mtulivu, majumba ya zamani, mto mpana mwingine mbele yetu. Mume wangu aliyetamani kufika hapo miaka yote alikaa ukingoni akisugua nyayo zilizokatwa na makombe, akaniuliza, "Kwani sisi tukoje, mpaka atuambie vile?" Sikuwa na jibu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mamba.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuwaambia msiende. Nikifikiria wale viboko naona nitawanyima haki. Nendeni. Saadani ndiyo hifadhi ya taifa ya Tanzania Bara iliyogusa bahari, na mto ule hauna kosa. Ila nikikumbuka lile neno "Wabongo" narudi pale pale: boti ile, nahodha yule, nyota moja, na hiyo moja naitoa kwa shingo upande.

Mkienda, msilipe yote mwanzoni. Muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi na yanakupwa saa ngapi. Akijibu kwa saa, pandeni. Akijibu "njooni tu, hakuna shida," tafuteni mwingine. Na boti ikichelewa hata saa moja, daini hela yenu.

Sisi tunarudi, tumeshakubaliana. Tutauliza kwanza kwa wavuvi kuhusu yule mzee.