Kiangazi katika shule ya ufundi, Massachusetts: uzoefu wetu

Wazazi wenzangu mlioko Massachusetts, kama mna mtoto wa darasa la sita au la saba, programu hii naisifu kwa moyo wote. Shule nyingi za ufundi za kanda, zile ambazo kila moja inahudumia miji kadhaa, hufungua karakana zao wakati wa kiangazi kwa watoto ambao bado hawajaingia sekondari. Kwetu unalipa kwa wiki, mtoto anachagua fani, anafundishwa na walimu walewale wa mwaka mzima.

Binti yangu alichagua umeme. Hakuna aliyegusa waya kabla ya somo la usalama: viatu vya kufunika vidole, suruali ndefu, nywele zifungwe, miwani ya kinga isivuliwe. Kisha kila mtoto akapewa ubao wake, bisibisi, plaizi na waya. Ijumaa alinionyesha taa moja yenye swichi mbili, ile ya kwenye ngazi, unaiwasha ukiwa chini na kuizima ukiwa juu, akanieleza kila waya unakwenda wapi na kwa nini. Mwalimu, ambaye ni fundi mwenye leseni, hakumfanyia mtu kazi yake. Aliyekosea alifungua akaanza upya. Nilitaka hasa hilo, na pesa yangu siijutii.

Mwalimu huyo alinieleza pia njia ya fundi umeme hapa: jimbo linataka saa 8,000 za kazi chini ya fundi mwenye leseni na saa 600 za darasani kabla ya kufanya mtihani wa leseni. Kijana anajifunza huku analipwa. Wengi wetu tumekulia kwenye imani kwamba ufundi ni wa waliofeli. Wanafunzi wa shule hizi kwa kawaida hukaa wiki moja darasani na nyingine karakana, wanamaliza na cheti cha sekondari kama wenzao, na chuo kikuu wanakwenda wakitaka. Tena ni shule za umma, kwa mwaka wa masomo ada hakuna.

Kasoro zipo. Mdogo wake alikuwa upishi, watoto wengi kuliko majiko, akashinda akiwatazama wenzake wakikanda unga. Kwa bei ile, hilo halikubaliki na ofisini nililisema. Fomu zilikuwa za Kiingereza tu, nikamsaidia mama mmoja Mkongo kuzijaza kwa simu. Basi halipo, na kwa mzazi wa shifti ya asubuhi huo ni mtihani. Sisi tulipokezana na jirani. Ulizeni habari za punguzo, kwetu lilikuwepo ingawa halikutangazwa.

Na mtu asiwadanganye kwamba kiangazi kinamhakikishia mtoto nafasi ya kudumu. Mwaka 2025 bodi ya elimu ya jimbo iliamua kwamba waombaji wakizidi nafasi, shule hizi zitumie bahati nasibu. Maombi ya darasa la tisa hufanywa mtoto akiwa la nane, kwa hiyo mpelekeni kiangazi cha kabla ya hapo, aombe shule akiwa ameshaionja fani kwa mikono yake.