Baiskeli ya umeme: majibu ya maswali ninayoulizwa njiani

Nikiiegesha tu, hakosi mtu wa kuniuliza: chaji ikijaa, inafika wapi? Namba iliyoandikwa kwenye boksi usiiamini sana. Mara nyingi hutokana na mwendeshaji mwepesi, barabara tambarare na mota iliyowekwa kwenye msaada mdogo kabisa. Mimi huangalia wati-saa za betri, yaani kiasi cha nishati inachobeba. Zidisha volti kwa ampea-saa: betri yangu ni ya volti 36 na ampea-saa 14, yaani wati-saa 504. Ukikanyaga kwa bidii barabara ikiwa tambarare, kilomita moja hula wati-saa 8 hadi 10. Ongeza vilima, upepo wa mbele na mzigo kwenye keria, zinafika 15 au kupita. Njia yangu ina vilima vingi, kwa hiyo hupanga safari kwa kilomita 35, na betri haijawahi kuniangusha.

Je, bado unakanyaga? Ndiyo, na hapa ndipo ninapoipenda zaidi. Ina sensa (kitambuzi) inayopima nguvu ya mguu: ukikanyaga kidogo inasaidia kidogo, ukikaza inakaza nawe. Nimewahi kuendesha aina nyingine ambayo sensa yake inatambua tu kwamba pedali zinazunguka. Ile huchelewa kidogo, kisha inakusukuma ghafla, na ukiwa kwenye kona nyembamba au katikati ya watu hilo ni jambo la hatari. Baiskeli za sensa ya nguvu huwa ghali zaidi. Kwangu tofauti hiyo ya bei ina haki yake kabisa.

Kasi hutegemea sheria za ulipo. Kwa nchi za Umoja wa Ulaya, baiskeli ya kawaida ya umeme ina mota isiyozidi wati 250, na msaada hukatika ukifika kilomita 25 kwa saa. Majimbo mengi ya Marekani huruhusu hadi kilomita 32, na baiskeli za daraja la tatu, zile za kasi zaidi, hadi 45. Ukizidi hapo unaendelea kwa miguu yako mwenyewe.

Mvua haina shida, ila usiioshe kwa mashine ya maji ya presha. Maji hupenya kwenye beringi na viunganishi vya nyaya.

Kasoro yake kubwa ni uzito. Ina kilo 24, na anayeishi ghorofani bila lifti afikirie mara mbili. Chaji ikiisha inaendeshwa kama baiskeli yoyote, lakini mlimani utaujua uzito huo. Pancha ya gurudumu la nyuma nayo inachosha, kwa kuwa mota imo humo humo: lazima uchomoe waya na ulegeze nati kubwa kabla ya kutoa tairi. Pedi za breki pia huisha haraka kuliko za baiskeli nyepesi, basi chagua breki za diski za haidroliki.

Kuhusu betri nina msimamo mkali. Tumia chaja iliyokuja nayo au ile iliyoidhinishwa na mtengenezaji, na usichaji betri iliyopasuka, iliyovimba au iliyolowa. Usiichajie kwenye njia ya kutokea nje, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto huwaka kwa nguvu na kwa haraka, nawe utakuwa umefungiwa ndani. Ikikaa bila kutumika kwa wiki nyingi, iache na chaji ya nusu hivi mahali pakavu pasipo joto. Betri nzuri huhimili mizunguko 500 hadi 1,000 ya kujaa na kuisha chaji kabla uwezo wake haujapungua waziwazi.

Ningeinunua tena? Bila kusita. Ila kabla ya kulipa, iendeshe kwanza kwenye kilima, kisha muulize muuzaji: betri ya muundo huu inauzwa peke yake, kwa bei gani, na nani ataitengeneza mota ikiharibika? Akishindwa kujibu, nenda duka lingine.