Nimelipa shilingi 1,500 nisomewe nambari za Bedford yangu

Macho ninayo na kusoma najua, kwa hiyo wazo la kumlipa mtu anisomee nambari lilinichekesha. Lakini lilikuwa kabla sijanunua silinda ya breki isiyoingia.

Lori lenyewe ni Bedford RL, lile ambalo dereva hukaa juu ya injini, petroli, silinda sita, magurudumu yote manne yanavuta. Lilitoka jeshini zamani, likazunguka mashambani, mimi nikalinunua Njoro ili libebe mbao kutoka Elburgon. Ukikwaruza rangi ya buluu unakuta kijani, na kwenye mlango wa kulia unakuta kijani kingine.

Mwezi wa tatu gurudumu la nyuma kushoto likaanza kuvuja mafuta ya breki. Nikafungua, nikaona juu ya silinda nambari iliyotokeza, kubwa, safi kama imechorwa jana. Nikaiandika mkononi, nikaipeleka duka moja la spea mjini. Wakaagiza. Ilipofika ilifanana na yangu kama pacha, ila tundu la ndani ni jembamba zaidi, pistoni yangu haipiti. Wakakataa kuirudisha. Eti nambari nimewaletea mwenyewe. Kweli, nimewaletea mwenyewe.

Jirani ndiye aliyenielekeza kwa fundi mmoja wa mtaa wa Shabaab, hapa Nakuru, ambaye kazi yake hasa ni kutambua vyuma vya magari ya zamani ya jeshi. Sijamaliza kumweleza kwenye simu, akanikata.

"Boss, hiyo uliyosoma ni nambari ya kalibu."

Alikuja kunieleza vizuri baadaye. Nambari iliyotokeza hutoka kwenye kalibu ambamo chuma kilimwagwa. Kalibu moja inaweza kutoa silinda mia zinazofanana, kisha mashine ikazitoboa kwa upana tofauti, hizi za gari hili na zile za gari lile. Nambari ya kuagizia mara nyingi ndiyo iliyogongwa ikazama kwenye chuma, ndogo, imekaa upande, au iko kwenye kibati.

Tulipatana saa tatu asubuhi, akafika saa tano na nusu. Hilo naliandika kwa sababu nililipa kijana wa kuinua lori akakaa bure. Vifaa vyake vinaingia kwenye mfuko wa unga: brashi ya waya, thina, chaki nyeupe, tochi, karatasi nyepesi na penseli. Nilitaka kumsaidia kwa grainda kwenye chasisi, akanishika mkono. "Ukila hizi nambari na grainda, polisi utawaambia nini?" Akapaka thina, akangoja, akafuta kwa kitambaa, akarudia mara nne. Kisha akasugua chaki juu yake na kupangusa, unga ukabaki ndani ya mikwaruzo. Tochi aliilaza karibu na chuma ili mwanga upite kwa upande, na herufi zikajitokeza kwa vivuli vyake. Pale ambapo kutu imekula, aliweka karatasi na kupitisha penseli, kama watoto wanavyochora sarafu.

Kwenye kibati cha silinda tulipata tarakimu 13. Hapo nikafunguka macho. Ni mfumo wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi: nne za mwanzo zinasema aina ya kitu, yaani 2530 ni breki, usukani, ekseli na magurudumu, 3110 ni beringi. Tisa zinazofuata ndizo za kitu chenyewe, na mbili za kwanza kati ya hizo tisa zinaonyesha nchi iliyokisajili. 99 ni Uingereza, 12 Ujerumani, 00 au 01 Marekani. Kando yake kulikuwa na mistari mitatu kama unyayo wa kuku, ambayo miaka yote niliidhani mkwaruzo. Kumbe ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza.

Dinamo nayo ilikuwa na mambo. Ni ya Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme vya magari, na wao walikuwa wakigonga mwezi na mwaka. Yangu inasema 8 66, ilhali kibati cha ndani ya kabini ni cha 1958. Ilishabadilishwa. Ningeagiza vitu vyake kwa mwaka wa lori ningepoteza pesa tena.

Akanionyesha pia kwamba si kila chenye nambari ya jeshi ni cha jeshi peke yake. Alikuwa na beringi mfukoni, imeandikwa 6308 usoni: chukua 08, zidisha kwa 5, tundu ni milimita 40. Beringi hiyo iko duka lolote la mjini, na muuzaji hana haja ya kujua kwamba unaipeleka kwenye lori la vita.

Lawama zangu, mbali na kuchelewa: mwandiko wake ni kama wa daktari, na kwenye nambari moja ya sanduku la gia aliandika 3 mahali pa 8. Nililigundua usiku kwenye picha niliyopiga. Alirudi kesho yake bila kudai kitu, akapitisha penseli tena, akacheka mwenyewe. Risiti hana. Kinachonifanya nimwamini ni kwamba spea hauzi.

Silinda mpya sikuihitaji. Baada ya kujua upana wa tundu, tulipata raba za kipimo hicho hapa Nakuru, zimeandikwa kipimo kwa inchi, fundi wa breki akasugua ndani na kufunga. Lori limeshuka na mbao safari sita, gurudumu ni kavu.

Ile silinda nyembamba bado iko kwenye rafu yangu. Mwenye kuihitaji aje na nambari iliyogongwa, ile ya kalibu aiache nyumbani.