Uzoefu wangu: mashine ya kutafutia metali katika udongo mwekundu wa Lubumbashi, na sarafu ya tembo ya 1944

Kwa miezi minane sasa ninatumia mashine ya kutafutia metali, ile ambayo wengi hapa Lubumbashi, Kongo, huiita detekta. Nimeona inafaa nieleze jinsi ilivyofanya kazi katika udongo wetu, kwa kuwa karibu maelezo yote niliyoyasoma kabla ya kuinunua yaliandikwa na watu wanaotafuta katika mashamba na fukwe za Ulaya na Marekani. Mashine yenyewe ni ya daraja la wanaoanza: hutumia mawimbi ya kilohezi 6.5, huendeshwa na betri nne ndogo, ina sahani ya kuhisi metali yenye umbo la yai chini ya mpini, na haina kitufe cha kuilinganisha na aina ya udongo. Ninayoyasema hapa yanahusu mashine zote za daraja hilo, wala si chapa moja peke yake.

Kukosekana kwa kitufe hicho ndiko kulikonitesa hapo mwanzo. Udongo wa Katanga, eneo letu hili, una wekundu ule kwa sababu umejaa chembe za chuma, na sahani inapopita juu yake mashine huitikia udongo wenyewe kabla ya kuitikia kitu kilichofukiwa. Katika kiwanja cha familia yetu huko Kamalondo hali ni ngumu zaidi, kwani wazee waliwahi kujazia njia kwa mawe meusi yaliyobaki baada ya kuyeyushwa shaba. Mashine ililia bila kunyamaza. Siku ya kwanza nilichimba mashimo kumi na moja, nikapata misumari, vipande vya mabati na vifuniko vya chupa za bia. Nilipompigia simu aliyeniuzia, aliniambia nipandishe unyeti, yaani nguvu ya mashine ya kuhisi, hadi mwisho ili mashine "ione mbali". Nilimsikiliza, nikapoteza wiki tatu.

Kinachotakiwa ni kuupunguza unyeti huo. Nilipoushusha hadi nusu, mashine ilitulia, na ingawa nilipoteza kina cha vidole viwili vitatu, nilianza kusikia tofauti ya sauti, jambo ambalo ndilo kazi yote. Sahani ipite polepole, kimo kilekile juu ya ardhi, bila kuinuliwa mwishoni mwa kila mpito kama mtu afyekaye nyasi. Chuma kilichooza hutoa sauti nzito inayokatika. Sarafu hutoa sauti ya juu, safi, inayosikika vilevile unapokwenda kulia na unaporudi kushoto, na ukizunguka robo duara na kupita tena, hubaki pale pale. Kioo kinachoonyesha aina ya metali nimeacha kukitegemea, maana kifuniko cha chupa kimenionyesha alama ya sarafu mara nyingi mno. Visikilizio vya masikioni ni vya lazima. Betri za bei nafuu za sokoni hazimalizi hata asubuhi moja.

Sarafu niliyokusudia kuieleza niliipata Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, chini ya mwembe ulio nyuma ya jiko. Sauti ilikuwa ya juu na pana, nayo haikubadilika nilipoinua sahani kidogo, hivi kwamba nilidhani ni kopo. Nilikata udongo kwa jembe mbali kidogo na mahali penyewe, nikaendelea kwa mwiko wa mwashi, na kwenye kina cha karibu shubiri moja nikaona ukingo wa kijivu uliokaza ndani ya bonge jekundu. Nililivunja bonge kwa vidole. Mguu wa tembo ulitokea kwanza, kisha mkonga, kisha maandishi ya jina la benki ya Kongo ya Kibelgiji, kwa Kifaransa na Kiflamandi, na mwaka 1944. Ilikuwa ya faranga 50.

Mama mkubwa, ambaye alizaliwa katika nyumba hiyo, aliigeuza kiganjani kwa muda mrefu. "Ile njo ya tembo," alisema. "Baba alikuwa anaziweka mu kopo ya maziwa."

Inafaa kujua kwa nini sarafu za miaka ile zilitoka mbali. Ubelgiji ilikuwa imekaliwa na Wajerumani tangu 1940, kwa hiyo fedha za koloni hazikuweza kutengenezwa Brussels kama kawaida. Zile za shaba ya njano za faranga 2, zenye pembe sita na picha ya tembo, zilipigwa Philadelphia mwaka 1943, na hii ya faranga 50 ilipigwa Pretoria. Nusu yake ni madini halisi ya fedha, na kwa viwango vya 1944 thamani yake ilizidi kidogo dola moja ya Marekani, pesa ambazo mtu hakuziacha zidondoke ovyo. Sonara wa mtaani aliipima mbele yangu: gramu 17.3, wakati uzito wake wa asili ni gramu 17.5.

Naomba sana mtu yeyote atakayepata sarafu asiisugue. Mimi sarafu moja ya faranga 2, ile ya pembe sita, niliipata mapema zaidi, nami niliitia maji ya limau na majivu kama tunavyosafisha sufuria. Ikatoka ikiwa na madoa ya waridi ambayo hayataondoka kamwe, na mikunjo ya ngozi ya tembo imefutika. Hili bado linaniuma. Ile ya 1944 niliiloweka tu katika maji safi usiku kucha, nikaikausha kwa kitambaa laini bila kukipitisha mara ya pili.

Ninachimba katika kiwanja chetu tu, au palipo na ruhusa ya mwenye nyumba. Makaburi ya zamani na mahali penye misalaba ya shaba ya kale, ile iliyotumika kama pesa zamani, si pa kuchezea. Sheria ya kulinda mali za utamaduni ipo tangu 1971. Nimepata pia maganda ya risasi, yumkini ya siku za Katanga kujitenga na Kongo, 1960 hadi 1963. Ganda tupu halina neno, lakini ukikuta kitu kizima chenye umbo la kombora, ondoka na uwaite wahusika.

Kama ningenunua tena leo, ningeongeza fedha nichukue mashine yenye kitufe cha kuilinganisha na udongo, kwa sababu katika mitaa yetu ya Lubumbashi, Kamalondo, Kenya na Katuba, ardhi ni ileile. Hii niliyo nayo siiuzi. Nusu ya kiwanja upande wa barabara bado sijaipitia, na mama mkubwa ameahidi kungoja nimalize ndipo apande matembele.